Wezi wa Maji wa Fahirisini

Nilivyofika Fahirisini si habari. Anayetaka kusikia vumbi, mabegi na kulala stendi akawaulize wasafiri wengine, wapo wengi na wanapenda kusema. Mimi nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, tena bila kuongeza chumvi, maana nchi ile ina chumvi yake ya kutosha.

Jina langu Saumu Bakari. Kazi yangu, tangu usichana hadi leo nina wajukuu, ni kuandikia vitabu kadi katika maktaba ya mkoa. Watu hudhani ni kazi ya kubandika namba. Waache wadhani. Kitabu kikifika mezani kwangu nakisoma, nakipima, kisha naandika juu ya kadi neno moja au mawili yanayosema kinahusu nini: Kilimo cha Minazi, Magonjwa ya Watoto, Ndoa. Neno hilo tunaliita kichwa cha mada. Chini yake hukaa vitabu vyote vya jambo hilo, hata kama waandishi wake hawakuonana maishani na kila mmoja kaliita jambo kwa jina lake. Kesho akija mtu na shida yake atalikuta neno, na neno litampeleka kwenye kitabu. Naionea fahari kazi hii na sioni haya kusema. Basi niliposikia kwamba iko nchi inayoendeshwa yote kwa vichwa vya mada, niliapa kwamba lazima niione kabla sijafa.

Mji wao mkuu unaitwa Makasha, na katikati yake iko Nyumba ya Vichwa. Jamani, niliposimama mlangoni machozi yalinitoka. Makasha madogo ya mninga yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na mkono wa shaba unaong'aa, na ndani yake kadi safi zisizo hata doa la wino. Kwetu sijaona kitu kama kile, na kwa jirani zetu pia sijaona. Nilimwambia mwenyeji wangu, Mzee Fumo Zahoro, ambaye ndiye Mkuu wa Vichwa, kwamba nchi yenye nyumba kama hii ina haki ya kutembea kifua mbele. Akanijibu, bila kutabasamu, kwamba ndivyo wanavyotembea tangu zamani.

Kwao kichwa cha mada hakikai kwenye vitabu tu. Sokoni, hospitalini, mahakamani, kitu kinasikika kwa jina lililoandikwa kwenye kadi na si kwa jina jingine. Ukikosea, muuzaji anakuangalia tu, ungedhani hujafungua mdomo. Ili watu wasipotee, kila kona anasimama Mtazamishi, mtu wa serikali mwenye kofia nyekundu na koo imara, ambaye kazi yake ni kukutoa kwenye neno lako na kukupeleka kwenye neno lao. Asubuhi ya kwanza nilitaka uji. Mtazamishi wa uwanjani, Bwana Ngwali, akanipaazia sauti kwamba uji, nitazame Vyakula vya Majimaji. Nikaenda kwenye dirisha hilo, nikapanga foleni, nikapewa bakuli la mchuzi wa samaki. Nikanywa. Mgeni hachagui.

Juu ya mlango wa Nyumba ya Vichwa yamechongwa maneno manne: HAKUNA KITABU, HAKUNA JAMBO. Maana yake ni kwamba Baraza la Vichwa haliwezi kutoa kichwa kwa jambo lolote mpaka kitabu kiwe kimeandikwa juu yake. Kwa hiyo kila mtu kule ni mwandishi. Jirani wa Mzee Fumo aliumwa goti lililokuwa likilia akipanda ngazi. Daktari hakuweza kumtibu kwa kuwa goti la namna hiyo halikuwa na kichwa. Bwana yule akakaa kitako akaandika kitabu kinene juu ya goti lake, Baraza likakijadili, kichwa kikapatikana. Wakati huo goti lilikuwa limeshapona. Hata hivyo anakwenda hospitali kila wiki, anakaa mbele kabisa, na watu wanampisha.

Nilihudhuria pia mjadala wa Baraza juu ya mawifi. Kitabu cha mawifi kilikuwepo muda mrefu, ila wajumbe hawakuelewana kama kikae chini ya Ndugu au chini ya Ugomvi. Wazee kwa vijana walisimama kutoa hoja, na hoja zote, lazima niseme, zilikuwa nzito. Mwishowe wakaafikiana kikae chini ya Ndugu, na chini ya kadi paandikwe kwamba mtu atazame pia Ugomvi. Nilicheka mpaka nikaona aibu, halafu nikakumbuka mjadala wetu sisi juu ya wakwe, nikanyamaza.

Hayo yote niliyapenda. Nayasema mapema ili msije mkadhani nilikwenda kuwacheka watu. Nchi inayokesha ikitafuta neno sahihi la kila kitu si nchi ya wajinga.

Lililonichoma lilikuja siku nyingine, pale uwanjani, kwenye chemchemi iliyo mbele ya Nyumba ya Vichwa. Ni bwawa dogo la mawe lenye midomo minne ya shaba, na maji yake matamu na baridi hayakatiki kiangazi wala masika. Mji mzima hunywa hapo. Nilikuwa nachota nikamwona mama mmoja mrefu, wa makamo, kajifunga kitenge cha bluu, anamwosha uso mjukuu wake wa kike ambaye mama yake, binti kijana, alikuwa amempakata. Yule mama alimwendea Bwana Ngwali kwa adabu, akamsalimia, akamwuliza Wandiva wanaandikishwa dirisha gani.

Bwana Ngwali hakuitikia hata salamu. Alivuta pumzi, akatangaza uwanja mzima ukasikia kwamba hakuna kitu kinachoitwa Wandiva, tazama Wezi wa Maji. Basi wanawake waliokuwa wakichota wakavuta ndoo zao mbali naye, mmoja baada ya mwingine. Mama yule hakuinamisha kichwa. Alirudi pale bwawani, akakinga kiganja, akanywa taratibu mpaka akatosheka.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimfuata, nikamkaribisha kivulini, tukajuana. Jina lake Bi Nanzia, na binti yake Nasemba. Wametoka milimani, upande wa mashariki, wanakoishi Wandiva. Ndiva, aliniambia, ni bwawa la udongo ambalo watu wake hulichimba juu mlimani. Maji hujaa usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Kwa hiyo wao ni Wandiva, na hawajawahi kujiita vinginevyo.

Huo wizi ukatoka wapi? Zamani, akasema, alipita mkubwa mmoja wa mjini, Bwana Kisauti, akalala usiku mmoja chini ya mlima. Jioni aliona kijito kinapita karibu na hema lake. Asubuhi akaamka, kijito hakipo, kimehamishwa. Hakupanda kuuliza. Alirudi mjini akaandika kitabu juu ya watu wa milimani wanaoiba maji usiku. Kilikuwa kitabu cha kwanza juu yao, na hakijaandikwa kingine. Baraza likakisoma, likatoa kichwa, na tangu hapo Mwandiva akienda kuuza viazi, kuozesha au kushitaki, anaandikwa Mwizi wa Maji.

Kilichomshusha Bi Nanzia ni mjukuu. Sheria ya Fahirisini inataka mtoto aandikwe chini ya kichwa cha watu wake kabla ya jino la kwanza kutokeza, na alichoandikwa ndicho atakachokufa nacho, yeye na uzao wake. Fizi za mtoto zilikuwa zimeshavimba, anatafuna kila anachokishika. Nasemba alinionyesha kadi waliyokuwa wametayarishiwa dirishani. Ilisomeka: Mwizi wa Maji, Mchanga. Niliisoma mara mbili. Nilipandwa na hasira, maana mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Kesho yake Bi Nanzia alisimama mbele ya Baraza. Nilikaa nyuma, kwenye benchi la wageni. Alieleza shauri lake kwa maneno machache, kisha wajumbe wakaanza kumsaidia, na msaada wao ulikuwa balaa. Mmoja alipendekeza kichwa kiongezwe neno, kiwe Wezi wa Maji, Waliosamehewa. Wenzake wakaguna kwa kuridhika, wengine wakaanza kupiga makofi.

"Mimi sikuja kusamehewa," alisema Bi Nanzia. "Sijaiba."

Mwingine akasema basi wahamishiwe chini ya Watu, Wengineo, ambako kuna nafasi. Bi Nanzia akauliza huko wako na nani. Wakatafuta kwenye kasha, wakakuta waliotajwa humo ni watu ambao Baraza halikujua pa kuwaweka, na mbuzi wawili walioingia kwa makosa. Akakataa tena. Hapo nami nikaomba kusema, kama mgeni wa kazi moja nao. Niliwaambia kwamba kwetu kichwa huwekwa kwa ajili ya anayetafuta, na kwamba watu, tukiweza, tunawaita wanavyojiita wenyewe. Walinisikiliza vizuri. Katibu akaandika kwamba mgeni ametoa salamu.

Mzee Fumo ndiye aliyesimama mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo liandikwe. Alikuwa mtu aliyeipenda nyumba yake kupita kiasi. Alimwambia mama kwa upole kwamba Baraza haliwezi kutoa jina bila kitabu, akamwuliza kitabu cha Wandiva kiko wapi.

"Sisi tunaandika kwa jembe," alijibu Bi Nanzia. "Panda mlimani ukasome."

Mzee akasema kwa masikitiko kwamba jembe halikubaliki. Bi Nanzia akafikiri kidogo, akauliza swali ambalo sikulielewa siku ile: kichwa kinaweza kufa? Mzee Fumo akamweleza kwamba kinaweza. Walikuwa na Wapagazi wa Machela, akasema, na watu wa kubebana machela walipokwisha, kadi ilitolewa. Jambo likikoma, kichwa hukoma.

"Basi Wandiva tumeacha wizi," alisema Bi Nanzia. "Kuanzia leo. Hatugusi tena maji yenu. Andikeni."

Ukumbi ulilipuka kwa furaha. Katika historia yote ya Baraza hakuna watu waliowahi kutubu mbele yake. Waliandika azimio la pongezi, wakamkabidhi Bi Nanzia shada la maua, wakatoa kadi ya Wezi wa Maji kwenye kasha lake, wakaifunga kabatini pamoja na kile kitabu cha Bwana Kisauti. Ndipo mtu mmoja akauliza sasa mtoto ataandikwa nini. Wakatazamana. Hana kichwa, na asiye na kichwa hatajwi. Nasemba akaanza kulia. Mama yake akamfuta machozi kwa upindo wa kitenge, akamwambia heri asitajwe kuliko kutajwa hivyo, na kwamba waende zao, jino bado.

Niliondoka nao. Mzee Fumo alinionya kwamba nakwenda mahali pasipokuwepo tena, lakini mimi nilishakata shauri.

Sasa nitawaeleza nilichokiona kule juu, na hapa naomba mniruhusu kujivuna kwa niaba ya wenyewe. Mifereji ile imechongwa ubavuni mwa mlima kwa majembe tu, inapinda na kila jiwe, inavuka korongo juu ya magogo yaliyochimbwa katikati, na maji yanatembea ndani yake polepole, hayamomonyoi udongo. Kila nyumba inajua zamu yake. Mtoto wa darasa la pili ataweza kukuambia maji ya nani yanapita saa hii. Ndiva zao zinajaa usiku, na alfajiri mzee wa zamu anaondoa kizibo cha mgomba, maji yanashuka huku watu wanasalimiana. Nimefanya kazi ya kupanga vitu maisha yangu yote. Sijaona mpangilio mzuri kuliko ule.

Mfereji mkubwa kuliko yote haukwenda shambani kwa mtu. Ulizunguka mlima, ukaingia chini ya ardhi kwenye bomba la udongo wa kuchoma, ukaelekea magharibi. Nikauliza unakwenda wapi. Bi Nanzia akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Unakwenda Makasha," alisema. "Yale maji uliyokuwa unachota. Babu zangu waliwapelekea watu wa mjini walipoona wanateremka bondeni na ndoo kila siku. Hiki ndicho kijito alichokikosa Bwana Kisauti alipoamka."

Lo! Nilikaa chini. Nilikumbuka kadi ya chemchemi niliyoisoma Nyumba ya Vichwa, iliyosema kwamba asili yake haijulikani. Hakuna kitabu, hakuna jambo. Mji mzima ulikuwa ukinywa kazi ya mikono ya watu hawa huku ukiwaondolea ndoo. Kaka zake Bi Nanzia walikuwa wameshaleta vigogo vya migomba na udongo wa mfinyanzi. Waliziba mdomo wa mfereji bila haraka, wakisema wao wameacha wizi, wakicheka mpaka wakashika mbavu. Kijito kikageuka, kikarudi kwenye njia yake ya kale, chini bondeni.

Hakuna aliyekufa kwa kiu Makasha, na Bi Nanzia asingekubali afe mtu. Maji yalikuwepo bondeni, ila mteremko ni mkali, na kupanda na ndoo kichwani kunaondoa ushairi wote. Habari tulizipata kwa wauza viazi waliotoka huko. Midomo ya shaba ilipokauka, watu walimkimbilia Bwana Ngwali. Alisema maji, tazameni Chemchemi. Mtazamishi wa kona ya Chemchemi akasema tazameni Maji. Watu wakazunguka na ndoo kati ya kona mbili hizo siku nzima, kila mmoja akimlaumu wa mbele yake kwa kutembea polepole.

Baraza likakutana. Likafungua kasha la Maji, Uletaji, likalikuta tupu, halijawahi kutiwa kadi. Ndipo karani mmoja akakumbuka kwamba wapo watu wanaojua kuhamisha vijito, wale waliotubu. Wakaamua waitwe haraka. Lakini tarishi wa Fahirisini hatumwi bila kichwa juu ya bahasha, na kichwa chao kilikuwa kimekufa, pongezi na maua juu. Huwezi kuwaita Wezi wa Maji, maana hawapo. Huwezi kuwaita Wandiva, maana hawajawahi kuwepo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu ule ulikuwa umevimba kweli.

Basi akaja mwenyewe. Wasemao husema aliye juu mngoje chini. Safari hii aliye chini ilimbidi apande. Tulimwona Mzee Fumo mchana, peke yake, kanzu imelowa jasho, anajikongoja na mkongojo wake. Alifika kwenye ua wa Bi Nanzia akapiga hodi. Bi Nanzia alikuwa anapepeta maharage. Aliitika karibu, kama ipasavyo, lakini hakusimama.

"Unamtafuta nani, Mzee?" aliuliza.

Mzee Fumo akafungua mdomo, akaufunga. Mtu aliyetoa majina ya vitu vyote vya nchi yake alisimama pale uani hana neno la kumwitia mwenyeji. Nilimwonea huruma, wallahi. Ungo ulisimama. Nasemba alitoka ndani na mtoto, watu wakajaa nyuma ya ua, na hakuna aliyemsaidia.

"Unamtafuta nani?" aliuliza tena Bi Nanzia, bila ukali.

"Sijui," alisema Mzee Fumo. "Nimekuja kuuliza mnaitwaje."

Bi Nanzia akaweka ungo chini. Akasimama, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Tunaitwa Wandiva," alisema. "Sasa umeuliza. Kaa tule."

Walimpa makande, akala sahani mbili. Kisha, kwa aibu, akalitaja suala la kitabu, kwamba hata yeye hawezi kulivuka. Mimi nikarukia pale pale. Nilisema kalamu ninayo, mwandiko ninao, kitabu cha Wandiva nitakiandika mimi na nitakiandika vizuri. Bi Nanzia akanishika bega.

"Dada Saumu, cha kwanza aliandika mgeni," alisema. "Hiki tutakiandika wenyewe."

Neno lilinichoma, sitawaficha. Kisha nikaona ana haki, nikamkabidhi Nasemba kalamu yangu. Binti aliandika, wazee wakisema na kubishana juu ya kila mfereji, nani alichimba, lini kizibo kilipasuka, zamu zinagawanywaje mtu akifiwa. Mzee Fumo alikaa akingojea. Alipochoka kungojea akapewa jembe, akasafisha mfereji na vijana, akarudi na tope mpaka magotini, anaeleza kwa sauti kubwa jinsi maji yanavyopenda kubembelezwa. Hakuwa tena mtu yule yule.

Kitabu kilipokaribia kwisha, mtoto alianza kulia usiku na kudondosha mate. Nasemba hakuthubutu kumfungua mdomo kutazama. Asubuhi tuliyokuwa tunashuka, Mzee Fumo alimpakata, akamtia kidole mdomoni, na mtoto akakiuma. Nilimwona mzee akikunja uso. Sote tulimwona. Akakitoa kidole, akakitazama kilivyoachwa alama, akakificha kwenye mkunjo wa kanzu.

"Fizi tu," alisema Mkuu wa Vichwa. "Hakuna jino hapa."

Tuliingia ukumbini na kitabu kimefungwa kwenye kanga. Baraza lilikipokea kwa mikono miwili, kiu ni mwalimu mkali. Kichwa kilitolewa bila hoja: Wandiva. Kisha mjumbe mmoja, yule yule aliyependekeza Waliosamehewa, akatoa pendekezo la heshima. Kwamba kadi ya zamani ichomwe pamoja na kitabu cha Bwana Kisauti, na ichukuliwe kwamba neno lile halikuwahi kuandikwa kamwe. Wote wakainua mikono. Niliona jinsi walivyotamani jambo hilo liishe, nami nikajua wanalifanya kwa ajili ya nafsi zao.

"Liacheni neno," alisema Bi Nanzia.

Mikono ikashuka. Hata Nasemba alimgeukia mama yake.

"Mkilichoma, mtakuwa hamkulisema," alisema. "Tena huko vijijini wamejaa watu wanaotujua kwa tusi hilo tu, nyinyi ndio mliowafundisha. Siku wakituhitaji watakuja nalo mdomoni, hawana jingine. Wakute mlango umefungwa? Lirudisheni kwenye kasha lake, na chini yake mwandike waende wapi."

Jamani, hiyo ndiyo kazi yangu. Hiyo ndiyo niliyowafundisha vijana miaka yote, kwamba neno ambalo mtu anaweza kuja nalo hulitupi, unaliwekea njia. Ila sijawahi kumsikia akilisema mtu ambaye neno lenyewe lilimchoma. Nilisimama nikaomba niiandike mimi kadi hiyo, kama mgeni, na safari hii katibu hakuandika kwamba nimetoa salamu. Bi Nanzia akakubali. Niliiandika kwa mwandiko wangu wa kazi, uliosimama wima: Wezi wa Maji. Tazama Wandiva. Kisha Nasemba akaandika ya mwanawe mwenyewe, aliyepewa jina la bibi yake, kwa kalamu ile ile: Nanzia, Mwandiva. Mtoto akapiga kelele, na mjumbe aliyekuwa karibu nadhani aliliona jino, lakini Mzee Fumo alikuwa anamkazia macho mjumbe huyo.

Mfereji ukazibuliwa. Siku niliyoondoka nilipitia uwanjani kuaga. Midomo minne ilikuwa inamwaga maji, na Nasemba amekaa ukingoni anamwosha mtoto uso. Ndoo zilikuwa zimepangwa karibu naye mpaka hana pa kuweka mguu. Akaja bwana mmoja wa mashamba ya mbali na punda wake, kachoka, akamwendea Bwana Ngwali. Alisema kwao mto umewahama, na amesikia kwamba wapo watu wanaojua kurudisha mto, lakini yeye jina lao analijua moja tu, linalosemwa huko kwao. Akalitaja kwa sauti ya chini, akitazama pembeni: wanaitwa Wezi wa Maji.

Wachotaji wakageuka. Bwana Ngwali akaivua kofia yake nyekundu, akaivaa tena. Akavuta pumzi, na kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ya kwanza akatangaza: "Wezi wa Maji, tazama Wandiva."

"Ndio akina nani hao?" aliuliza yule bwana.

Nasemba alisimama, mtoto begani, maji yanamdondoka mikononi.

"Ndio sisi, kaka," alisema. "Kunywa kwanza."